Kompyuta Hujibu Ilivyoulizwa



Zamani mwanafunzi wa chuo aliyetaka maandishi ya wataalamu alivuta droo za kadi maktabani. Leo huketi mbele ya kompyuta, akaandika maneno mawili na kuletewa makala maelfu. Husoma kumi za mwanzo, akafunga. Mwenzake haletewi kitu, naye huandika katika tasnifu yake kwamba jambo hilo halijafanyiwa utafiti. Hapo ndipo penye hatari. Kosa la kuuliza limegeuka hoja ya kitaalamu, na wajao nyuma wataifuata.

Tutazame PubMed, hifadhi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997. Ina kumbukumbu zaidi ya milioni 35. Anayetafuta habari za upungufu wa damu kwa wajawazito wenye malaria asimwage sentensi nzima. Aligawe swali vipande vitatu: malaria, mimba, upungufu wa damu. Vipande huunganishwa kwa neno AND, kwa herufi kubwa, nalo hupunguza majibu. Maneno ya maana moja huunganishwa kwa OR, nalo huongeza. NOT itumiwe kwa hadhari, kwani hutupa mchele pamoja na pumba.

Sisi tuliofundishwa Kiingereza cha Uingereza huandika "anaemia", Wamarekani "anemia". Si kila hifadhi inayotambua kuwa ni kitu kimoja. Andika yote mawili, na OR katikati.

Tena makala nyingi za hifadhi hiyo hupewa msamiati maalumu uitwao MeSH. Humo saratani haiitwi "cancer", huitwa "neoplasms". Lakini zipo makala zisizo na msamiati huo, basi tafuta kwa njia zote mbili.

Ukipata muhtasari na kudaiwa dola ili usome makala nzima, usikate tamaa. Muulize mkutubi kama chuo chenu kimejiandikisha katika Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu.

Mwisho, weka katika daftari maneno uliyotumia na tarehe, ili msimamizi wako aweze kurudia safari yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna utafiti, jiulize kwanza: je, niliuliza vizuri?