Daftari la Mkopaji
Hotuba ya Kamati ya Mikopo mbele ya Mkutano Mkuu



Tumepewa fursa ya kusema nanyi katika sherehe hii ya miaka kumi, nasi tumechagua jambo ambalo wengi hulisikia siku ile tu wanaponyimwa mkopo: kumbukumbu za mkopaji, na alama apewayo kutokana nazo.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa sura nyingine. Mwenye duka alikuwa na daftari lake, na aliyelipa baada ya mavuno alipewa tena chumvi na mafuta ya taa. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 1931, ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumshtaki Mwafrika kwa deni la bidhaa, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Ilisemwa kuwa ni kumlinda mkulima. Lakini asiyeweza kudaiwa, nani atamkopesha?

Siku hizi daftari limehama dukani. Benki Kuu ya Tanzania ilitunga kanuni za kumbukumbu za mikopo mwaka 2012, na mwaka 2013 ikazipa leseni kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki hupeleka habari za mkopaji: amekopa kiasi gani, amelipa kwa wakati au amechelewa. Afisa wa mikopo huzisoma kabla hajaliona shamba lako. Huko Marekani, ambako alama ya FICO ilianza mwaka 1989 na huhesabiwa toka 300 hadi 850, hata mwenye nyumba huitazama kabla ya kumpangisha mtu. Katika alama hiyo historia ya kulipa huchukua asilimia 35, na kiasi cha deni asilimia 30. Wingi wa mali haumo kabisa. Mwenye ekari mbili alipaye kwa siku yake aweza kumpita mwenye matrekta alipaye kwa kusukumwa.

Tujihadhari na vijideni vya simu. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mtu aweza kukopa hata akiwa kitandani, bila kumtazama mtu usoni. Laini ikipotea, deni husahauliwa, daftari halisahau. Nchini Kenya madeni madogo namna hii yaliwaharibia watu wengi majina, hata mwaka 2020 ikaamriwa kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe katika kumbukumbu hizo.

Kuna na dhamana. Mtu humdhamini shemeji kwa kuona haya kukataa. Hatuwakatazi, maana ushirika ndio huo; twaomba tu mdhamini aulize kwanza madeni mengine ya amdhaminiye. Na aliyemaliza kulipa atunze stakabadhi, kwani deni lililolipwa laweza kubaki limeandikwa kuwa halijalipwa, na bila karatasi mkononi malalamiko yake ni maneno matupu.

Lakini lililo zito zaidi twawaelekezea viongozi. Mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkopo wa pembejeo ukiandikiwa kulipwa mwezi Juni, ilhali fedha za zao hutoka Septemba, mkulima mwaminifu ataandikwa mchelewaji, naye hakuchelewa. Mzigo umeshapimwa ghalani, deni linaiva, na jina linachafuka kwa kosa lisilo lake. Kumwambia mtu huyo alinde alama yake ni kumdhihaki.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mkataba wa pembejeo utaje tarehe ya kulipwa kwa kufuata malipo ya zao, wala si kalenda ya benki. Na malipo yakikawia, Katibu wa chama cha msingi aiarifu benki kwa barua kabla siku haijapita, akitaja jina la kila mwanachama na kilo zake zilizopokewa. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025. Tuanze mazungumzo hayo nayo, kabla ya msimu ujao wa mikopo. Rasimu ya barua hiyo tumeikabidhi leo kwa Mwenyekiti.