Kujenga Juu ya Tope: Maji Kwanza, Nyumba Baadaye

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Mombo, nayo yachapishwa hapa kwa ombi lao.)



Mmetutaka tuseme habari za ardhi laini iliyojaa maji, na namna ya kuitia nguvu hata iweze kubeba nyumba. Jambo hili si la wahandisi peke yao. Sisi watumishi wa Serikali aghalabu hujenga mara moja tu maishani mwetu, nasi hujenga kwa fedha ya kiinua mgongo. Fedha hiyo ikizama topeni hairudi, wala hakuna mshahara wa mwezi ujao wa kuifidia.

Mombo yetu kila mmoja aijua ilivyo. Nyuma yetu imesimama milima ya Usambara. Mbele yetu limelala bonde la mto Mkomazi. Mvua inyeshayo Lushoto na Soni huteremka kwetu ikichukua udongo mwembamba wa milimani, na ifikapo bondeni hupunguza mwendo, ikauacha udongo ule chini. Ndiyo neema ya mashamba yetu ya mpunga. Walakini udongo umpendezao mkulima ndio umtesao mwashi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1905, na atakaye somo na aitazame njia yake ipitapo mahali pa chini: imeinuliwa juu ya tuta, na chini ya tuta yamewekwa makalavati ili maji yapite. Waliojenga hawakushindana na maji, waliyapa njia.

Sasa tuwaeleze yaliyompata mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tutalisitiri. Alipostaafu alinunua kiwanja karibu na majaruba, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Alikitazama wakati wa kiangazi, akakiona kikavu na kigumu kama sakafu. Fundi akachimba msingi wa futi 2, nyumba ikasimama, nasi tukaenda kumpongeza. Masika yalipoingia, ufa ukatokea pembeni mwa dirisha, ukashuka hata mlangoni. Akaupiga lipu. Masika ya pili ukarudi, mpana kuliko kwanza. Akaupiga lipu tena, na tena. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa namna hii hauzibwi ukutani, huzibwa ardhini.

Sababu yake ni hii. Tope ni punje za udongo pamoja na maji yaliyo kati yake. Ukiweka mzigo juu yake, kwanza mzigo huchukuliwa na maji, nayo yakibanwa hutafuta pa kutokea. Katika mchanga hutoka upesi. Katika mfinyanzi nafasi ni ndogo mno, hata yaweza kuchukua miezi na miaka. Na kadiri yatokavyo, punje husogeleana na ardhi hushuka. Mhandisi Karl Terzaghi aliieleza hesabu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1925. Nyumba ingeshuka sawasawa pande zote, hasara ingekuwa ndogo; lakini hushuka upande mmoja kuliko mwingine, ndipo ukuta hupasuka. Tena udongo mweusi wa mbuga una ila ya pili: hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua, ukiinua nyumba na kuishusha kila mwaka.

Basi yatupasa kukijua kiwanja kabla ya kukilipia. Kitazameni wakati wa masika, si kiangazi. Chimbeni shimo la futi 5, mlitazame kesho yake kama maji yamejikusanya. Twaeni donge lenye unyevu mlisokote viganjani. Likiwa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti pasipo kukatika, huo ni mfinyanzi. Kisha tazameni kuta za majirani, kwani nyufa zao hazisemi uongo.

Ikiwa kiwanja kimekwisha nunuliwa, dawa zipo, na ya kwanza ni mfereji. Uchimbwe upande wa juu, maji yatokako, ujazwe mawe na kokoto, ushuke walau futi 1 kwa kila futi 100, upeleke maji kwenye mkondo wake. Si uani kwa jirani. Wazee wa Kisambaa tangu zamani walijua kuongoza maji kwa mifereji hata mashambani. Maarifa ni yale yale, ila sisi twayaongoza yaende zake.

Dawa ya pili ni kuuondoa udongo mbaya, ikiwa si wa kina kirefu, na kujaza changarawe. Isimwagwe yote kwa mara moja, bali kwa tabaka za sentimeta 15, kila tabaka itiwe maji kiasi na kushindiliwa barabara kabla ya kuweka nyingine.

Ya tatu ni chokaa. Ikichanganywa na mfinyanzi, kwa kadiri ya sehemu 3 hata 6 kwa kila sehemu 100 za uzito wa udongo mkavu, hupunguza kufura kwake, na majuma yapitapo huugandisha. Katika udongo wa kichanga saruji hufaa zaidi. Jihadharini na chokaa isiyozimwa, kwani huunguza macho na ngozi.

Ya nne ni subira. Wajenzi wa barabara hurundika kifusi kizito juu ya tope, wakakiacha miezi mingi ili kiyakamue maji, ndipo hujenga. Ardhi hushushwa kabla ya kazi, isije ikashuka baada yake.

Pasipowezekana hayo, huwekwa nguzo zifikazo kwenye ardhi ngumu, au sakafu moja ya zege yenye nondo ielee kama chelezo. Jumba la Mfalme la Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1655, lasimama juu ya nguzo za miti 13,659. Hazikuoza kwa kuwa hukaa chini ya maji daima. Naye George Stephenson, kabla ya kufunguliwa reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, alivuka tope la Chat Moss kwa kutandika matita ya matawi na magugu, akapitisha njia juu yake.

Yule mwenzetu mwishowe aliacha lipu, akashika jembe. Tulimsaidia siku mbili kuchimba mfereji upande wa mlimani. Ufa haukutoweka, wala hatuwezi kusema nyumba imekuwa mpya. Lakini masika yaliyofuata haukupanuka. Naye alituambia kwamba gharama ya mfereji ule haikufikia hata ile ya lipu ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, twawaomba kabla ya kumwita fundi mwulize: maji ya hapa hutoka wapi, na yatakwenda wapi? Asiyeweza kujibu, asianze kujenga.