Mwiba, Ua na Vinasaba: Kuipanga Upya Migunga ya Kilosa na Mikumi

Kwenye bonde la Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, miti mingi yenye miiba hubebwa na neno moja: mgunga. Wanasayansi nao kwa muda mrefu walikuwa na neno lao moja. Philip Miller alilitumia jina Acacia kwa jenasi hii mwaka 1754, na mtaalamu wa mimea Brenan alipoieleza migunga na jamaa zake katika maelezo ya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1959, migunga ilikuwa bado chini ya jina hilo. Sasa orodha mpya zinatuletea Vachellia na Senegalia, na mtu wa porini anayo haki ya kuuliza kama hii si kazi ya maabara kumsumbua asiyekuwa na maabara. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba vinasaba havikuleta alama mpya. Vimetupimia zile tulizokuwa tukizitazama siku zote, vikatuonyesha ipi ina uzito na ipi inapotosha.

Tuanze na mwiba. Vachellia ina vijani viwili vidogo pande mbili za kikonyo cha jani, navyo ndivyo vilivyokakamaa vikawa miiba. Senegalia haina miiba ya asili hiyo. Kulabu zake zimechomoza kwenye ganda la tawi. Tofauti hii si ya jana. Tangu 1842 Bentham aliigawa migunga katika makundi kwa kutazama majani na vijani hivyo, na mwaka 1986 Pedley alipendekeza jenasi ivunjwe, kabla ushahidi wa vinasaba haujaingia kwenye mjadala. Lakini anayetazama umbo la mwiba bila kuuliza umetokea wapi atapotea. Vachellia tortilis, ule wenye kilele bapa kama mwavuli, una miiba mirefu iliyonyooka pamoja na mingine mifupi iliyopinda kama kulabu. Kwa umbo, nusu yake ingeonekana ni Senegalia. Kwa asili, yote ni vijani. Ua nalo husaidia kwa kiasi: Vachellia nyingi huchanua vibonge vya mviringo, na Senegalia nigrescens, yenye vinundu vya miiba shinani, huchanua masuke, ila Senegalia brevispica ina vibonge, kwa hiyo ua peke yake si shahidi wa kutosha.

Hapo ndipo vinasaba vilipohitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ulinganisho wa DNA ya kloroplasti ulionyesha kwamba Acacia ya zamani haikuwa ukoo mmoja wenye babu wake na wajukuu wake wote. Senegalia iko karibu zaidi na akina Albizia, yaani mikenge, kuliko ilivyo karibu na Vachellia. Mfano ninaoupenda zaidi ni Faidherbia albida, mti wa kingo za mito unaopukutisha majani masika na kuchipua kiangazi. Una mwiba wa kundi moja na suke la kundi jingine. Wataalamu walibishana juu yake tangu Chevalier alipoutengea jenasi mwaka 1934. Vinasaba vimempa haki yeye.

Yupo atakayesema kloroplasti hurithiwa kwa kawaida upande mmoja tu, hivyo husimulia nusu ya historia. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake limepatikana kwenye DNA ya kiini cha seli, ambayo nayo imekataa kuirudisha Acacia ya zamani. Imefanya zaidi: imeonyesha kuwa Senegalia yenyewe haijatulia, na baadhi ya spishi za Amerika zimekwisha kuhamishiwa jenasi nyingine. Kwangu hilo halidhoofishi mbinu. Ingekuwa ajabu kama kipimo kingekubaliana nasi kila mara.

Pingamizi lenye uchungu zaidi ni la jina, nalo lisichanganywe na la undugu. Undugu huamuliwa na ushahidi; jina huamuliwa kwa kura. Katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005, asilimia 54.9 ya kura zilikataa jina Acacia liende kwa kundi la Australia, tawi jingine la Acacia ya zamani, lakini kanuni ilidai asilimia 60 ili kulizuia pendekezo hilo, na mkutano wa Melbourne wa 2011 haukuugeuza uamuzi huo. Kundi hilo lina spishi karibu 1,000, hoja ambayo haikuwa ya bure. Matokeo yake, muwati wa mashamba ya Njombe, mgeni kutoka Australia, ndio wenye jina Acacia mearnsii, wakati migunga ya Mkata imepoteza jina ambalo dunia nzima iliifahamu kwalo. Anayelalamika ana sababu, ila mlalamikiwa si DNA.

Kwa wanaokusanya sampuli Kilosa na Mikumi, basi, jina la zamani liandikwe kando ya jipya, maana lebo nyingi za hifadhi za mimea zimebaki na la 1959. Tawi likatwe pamoja na kitako cha mwiba, si ncha pekee. Ua na ganda la mbegu vitafutwe hata kama ni safari mbili, na majani machache yakaushwe kwa jeli ya silika siku hiyo hiyo, kwa sababu jani lililoungua juani au kuota ukungu halitamjibu atakayetaka kulipima vinasaba.