Mshahara wa Mwezi na Chakula cha Mwaka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Halmashauri ya chama chetu imenitaka niseme machache juu ya chakula cha nyumbani na matumizi ya fedha. Naomba kwanza msidhani ya kuwa nimesimama hapa kuwafundisha kina mama mapishi, wala kuwaambia watu wazima wabane matumbo. Mtu asiyekula hawezi kazi, na mtoto asiyekula vema hakui. Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: mshahara wetu huja kila mwezi, lakini chakula cha nchi hii huja kwa majira ya mavuno. Sisi twanunua kwa kufuata mshahara, hatununui kwa kufuata shamba, na hapo ndipo fedha yetu inapopotelea.

Taabu hii si mpya. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, walikuwa makarani na walimu kama sisi. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya ughali wa maisha, na mgomo ukaenea bara kwa kufuata njia ya reli. Katika siku zetu, Mei Mosi 2025 ilitangazwa ya kuwa kima cha chini cha mshahara wa Serikali kitatoka shilingi 370,000 na kuwa shilingi 500,000 tangu Julai mwaka ule. Tulishukuru, na ilikuwa haki. Lakini kila mmoja wetu ajua ya kuwa habari ya nyongeza haikai ofisini peke yake. Hufika dukani na kwa mwenye nyumba kabla fedha yenyewe haijafika. Basi kudai mshahara ni kazi moja, na kuutunza mshahara ni kazi ya pili, wala kazi moja haiondoi nyingine.

Sisi wa nchi ya dhahabu tuna shida ya namna ya peke yake. Yeyote aliyekaa Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola aijua desturi ya soko la huko. Wachimbaji wakipata mwamba mzuri, fedha humwagika kwa siku chache, na muuza nyama, muuza mchele na mwenye nyumba hupandisha bei upesi. Mwamba ukiisha, bei haishuki kwa haraka ile ile iliyopandia. Mchimbaji huvumilia, maana atazamia bahati nyingine. Karani hana bahati ya kutazamia. Tarehe yake aijua na kiasi chake akijua. Tena dhahabu yenyewe ni mgeni. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mpya ukaanza kazi mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Wachimbaji huhama kufuata mwamba. Mwalimu, mganga na karani hubaki. Kwa hiyo haitufai kupanga matumizi yetu kwa kuutazama mfuko wa mchimbaji.

Sasa naomba niseme jambo lililo zito kuliko ugali. Kanuni ya utumishi yataka makato ya mshahara yasizidi theluthi mbili, ili walau theluthi moja ibaki mkononi mwa mtumishi. Kanuni hiyo ni njema. Lakini daftari la duka halimo katika hesabu ile, wala ule mkopo ambao watu wauita kausha damu. Mtumishi huchukua unga na sukari kwa deni tangu tarehe kumi. Mwisho wa mwezi hulipa, na siku ya tatu huanza kukopa tena. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Nami naongeza ya kuwa matanga haya hayaishii nyumbani. Mwenye duka akija ofisini kutaka leseni yake, nawe jina lako limo katika daftari lake, je, utamwambia kwa sauti gani ya kuwa karatasi zake hazikutimia? Sisemi ya kuwa kila mwenye deni hupinda haki. Nasema ya kuwa mwenye deni huwekwa mahali pa kujaribiwa kila siku, na ni heri mtu asikae mahali hapo kwa sababu ya kisado cha unga.

Basi tufanye hesabu. Chukueni nyumba ya watu sita, wakubwa na wadogo. Ikila unga kilo 2 kwa siku, kwa mwaka itakula kilo 730, yaani kama magunia 7 ya kilo 100. Tuseme, kwa mfano tu, ya kuwa gunia la mahindi wakati wa mavuno ni shilingi 60,000, na mtu anunuaye kidogo kidogo mwaka mzima hujikuta amelilipia shilingi 85,000. Tofauti ni 25,000 kwa gunia, yaani 175,000 kwa magunia 7. Toeni shilingi 35,000 za usafiri na 35,000 za mifuko ya kuhifadhia, yabaki 105,000. Wekeni bei ya mwaka wenu na ya soko lenu, hesabu ni ile ile. Fedha hiyo haimtajirishi mtu, lakini yaweza kununua maharage na dagaa wa miezi kadhaa. Na nyumba yenye magunia ndani haiingii dukani kwa deni la unga mwezi wa pili, wakati bei imepanda na ada za shule zimekwisha kumaliza mfuko.

Lakini kununua bila kuhifadhi ni kuwalisha wadudu. Yuko dumuzi, mdudu aliyeingia nchi hii kwa upande wa Tabora karibu na mwaka 1980, ambaye wakulima walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Yeye hageuzi nia kwa sababu mwenye gunia ni mtumishi wa Serikali. Basi jambo la kwanza, mahindi yawe makavu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo pamoja na punje za mahindi, uitikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikishika kioo, mahindi hayajakauka. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Jambo la pili, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye matabaka mawili ya plastiki ndani ya gunia la nje. Funga kila tabaka peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo watakufa kwa kukosa hewa, wala huna haja ya dawa. Jambo la tatu, weka mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala yasiuzwe kwa mwingine. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Sasa juu ya chakula chenyewe. Wako wadhanio ya kuwa tumbo likijaa kazi imekwisha. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tena mikoa iliyokuwa mbele kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo sote twaijua kwa kujaza maghala ya mahindi. Maana yake, mahindi peke yake hayamjengi mtoto. Yampasa mtoto apate chakula cha kujenga mwili, na mboga, na matunda, na hayo yote si lazima yawe ya ghali.

Kilo moja ya maharage makavu ina chakula cha kujenga mwili kisichopungua kile cha kilo moja ya nyama. Choroko na dengu za Shinyanga hufanya kazi hiyo hiyo, nasi huziona zikipakiwa magari kwenda mbali, na wenyewe twala ugali kwa mchuzi mwembamba. Dagaa wa Ziwa huliwa pamoja na mifupa yao, nao huimarisha mifupa ya mtoto; wakitwangwa hutiwa hata katika uji wa mdogo aliyeanza kula. Mgagani, mchicha, majani ya kunde na mlenda hupatikana kwa fedha kidogo wakati wa mvua, na mama wa Kisukuma tangu zamani hukausha majani hayo, yakaitwa nsansa, yakaliwa wakati wa kiangazi. Nafaka isagwe dona, maana anayekoboa humwachia mwenye mashine kiini na pumba zenye nguvu, kisha hulipa zaidi kwa kilichobaki.

Asubuhi, badala ya mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi, yafaa kupika michembe kwa karanga. Najua kicheko kitakuja hapa. Mmoja atasema, "Mtumishi wa Serikali hali michembe kama mchunga ng'ombe." Namjibu kwa heshima ya kuwa mchunga ng'ombe yule hadaiwi mkate. Wala sikatazi nyama na wali. Nasema viwe na siku zao, na siku hizo zitakuwa tamu zaidi. Kadhalika tuangalie mkaa. Maharage yakilowekwa usiku kucha hupikika kwa moto mdogo, na chungu chenye kifuniko hakipotezi moto. Nchi hii ya Shinyanga ilikwisha kukatwa miti mpaka ikabidi kazi ya HASHI ianzishwe mwaka 1986 ili kurudisha misitu na ngitili. Anayepunguza gunia la mkaa asaidia mfuko wake na nchi pia.

Nimesikia maneno ya wasiokubali, nami nitayajibu. Wa kwanza asema, "Mwezi wa sita sina fedha ya magunia 7." Ni kweli, wengi hawana. Nunua mawili mwaka huu, na ile faida iweke kwa ajili ya mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Wa pili asema, "Naweza kupata uhamisho." Gunia lililonunuliwa mwezi wa saba likauzwa mwezi wa pili kwa kawaida halimtii mtu hasara. Wa tatu asema, "Ndugu wakiona magunia watakuja." Watakuja, Bwana, magunia yawepo yasiwepo, na ni heri kumpa shangazi debe moja lililonunuliwa wakati wa mavuno kuliko kumkopea unga dukani. Wa nne ni mama wa nyumbani, naye husema, "Mimi sijui mshahara wake ni kiasi gani." Hapo sina jibu ila kumgeukia mume. Mwenye kupika ndiye mwenye kupima, na asiyeambiwa kipimo hawezi kupima. Hati ya mshahara na isomwe na wawili.

Mwisho, chama chetu kina la kufanya. Mwaka ule ule wa 1947 wa mgomo, Paul Bomani, kijana aliyekuwa ameajiriwa katika mgodi wa almasi wa Mwadui hapa kwetu, alikwenda kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Na mwaka 1955 alikuwa kiongozi katika muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa wakulima wa pamba wa Ziwa. Waliona ya kuwa mtu mmoja mmoja mbele ya mzani wa mwingine hana nguvu, lakini wengi pamoja huweza kuleta mzani wao. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa chakula.

Natoa shauri hili. Kila apendaye aweke kwa mwezi kiasi atakachoandika mwenyewe, tangu sasa hata mwezi wa tano, katika akaunti yenye saini za watu watatu. Mavuno yakifika, wawili watumwe kununua mahindi, choroko na maharage, wakipima kwa kilo na kukataa lumbesa, nao walete hati za malipo zisomwe mbele ya mkutano. Mzigo ugawanywe kwa kadiri ya fedha ya kila mtu, pasipo upendeleo wa cheo. Tarishi aliyeweka zaidi apate zaidi kuliko afisa aliyeweka kidogo. Asiyetaka asilazimishwe.

Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hilo liandikwe katika kitabu cha mkutano na majina ya watakaoanza yaandikwe leo, kabla mshahara wa mwezi huu haujatoka. Nimekoma hapa.