Motokaa ya Doria na Mlima

Hotuba iliyosomwa Kwamkoro mbele ya wanachama



Tuliombwa tuseme neno juu ya kuchagua motokaa zifaazo kwa doria ya polisi, jambo ambalo watu wengi hudhani ni la wakubwa wa polisi na mafundi tu. Tumekubali kwa kuwa jambo hili hupita mezani petu sisi makarani kabla ya kufika barabarani. Mkubwa hutia sahihi, fundi hutengeneza, askari huendesha. Lakini karatasi ielezayo gari la namna gani latakiwa huandikwa na karani. Karatasi ikiandikwa vibaya, gari litakuja baya, na hapana sahihi iwezayo kulinyanyua kutoka matopeni.

Tena twanena mahali panapostahili. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1919, makao yake makuu ya kwanza yalikuwa Lushoto, katika milima hii ya Usambara, kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba polisi wa nchi hii walianza kazi yao mlimani. Si haki, basi, mlima usahauliwe zinunuliwapo motokaa zao.

Na tuanze na mji, maana mkoa wetu una mji mkubwa. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Gari la doria la jiji lina kazi yake maalumu. Husimama na kuondoka mara nyingi kwa siku. Injini hunguruma saa nyingi gari likiwa limesimama. Dereva hukaa ndani tangu asubuhi hata jioni. Na linapohitajiwa, halina budi kuondoka upesi na kusimama upesi zaidi. Kwa miaka mingi polisi wa miji ya Marekani walitumia sana gari la Ford Crown Victoria, ambalo la mwisho lilitoka kiwandani mwaka 2011. Hawakulipenda kwa uzuri wa sura. Lilikuwa na chesisi ya chuma chini ya bodi, hata likigongwa fundi aliweza kulirudisha kazini bila gharama kubwa. Nafasi yake ilikuwa ya kutosha. Na mafundi walilijua kama wajuavyo mfuko wa vyombo vyao.

Kuna jambo jingine la kujifunza huko. Polisi wa jimbo la Michigan wana desturi ya kuyapima magari ya polisi kila mwaka na kuyatangaza matokeo ili idara nyingine zipate kuyasoma. Hupima jinsi gari linavyoongeza mwendo, jinsi linavyosimama, na jinsi dereva anavyoketi na kuvifikia vyombo vyake. Kwao maneno ya mwenye duka hayatoshi. Gari hujibu lenyewe. Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi hata kibaya kina picha nzuri za rangi, na mnunuzi asiyepima atachukuliwa na picha.

Sasa na tupande. Gari lililopimwa kwa mji likatumwa mlimani limepimwa kwa kazi ya mwenzake. Atokaye Mombo, penye mita 400 hivi juu ya bahari, hufika Lushoto penye mita 1,400 hivi, kwa barabara ya lami iliyo nyembamba, yenye kona nyingi, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Huku kwetu Usambara ya Mashariki, kutoka Muheza kuja Amani ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, na Kwamkoro iko mbele zaidi. Mvua ya Amani hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Njia za kuingia vijijini na katika mashamba ya chai ni za udongo mwekundu, ambao wakati wa masika huteleza kama sabuni.

Mlima, ndugu zangu, huuliza maswali manne, na kila gari halina budi kuyajibu. Swali la kwanza ni la kupanda: je, magurudumu yote manne yavuta, na tumbo la gari liko juu ya kutosha kupita mawe na makorongo? Swali la pili ni la kuteremka, na hili husahauliwa mno. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na nguvu zake hupungua. Kwa hiyo gari la mlima lataka gia za pole ambazo humwezesha dereva kuzuiliwa na injini, asitegemee breki peke yake. Swali la tatu ni la kugeuka: njia zetu ni nyembamba, na gari refu lisiloweza kugeuka litarudi kinyumenyume mpaka lipate nafasi. Swali la nne ni la sauti: simu ya upepo haipiti katikati ya mlima, hata ikawa gari lililo bondeni haliwezi kusikiwa na steshini, isipokuwa mtambo wa kupokezana sauti umewekwa kileleni. Nani aliyenunua gari zuri akakumbuka kuuliza swali hili la nne?

Mtu wa tambarare akisoma maswali haya ataona ni madogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini askari aliyesukuma gari usiku chini ya mvua ajua uzito wake.

Hapo twapenda kuwapa habari ya Japani, kwa kuwa twaona ndiyo iliyo karibu sana na shauri letu. Mwaka 1951 kampuni ya Toyota ilikuwa imetengeneza gari la kuvuta kwa magurudumu manne lililoitwa BJ. Mwendeshaji wake wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji, ambao urefu wake ni mita 3,776, akalifikisha kituo cha sita cha njia ya wapandaji. Polisi wa nchi hiyo walikuwapo wakilitazama jaribio. Walipoona gari limefika, waliagiza magari 289 yawe ya doria. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser. Zingatieni utaratibu wao: kwanza mlima, kisha karatasi ya kuagiza. Sisi mara nyingi huanza na karatasi, na mlima hutujibu baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Mfano wa pili ni wa Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa kwa madini ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na kwa bahati njema madini hayo hayaliwi na kutu kama chuma. Likapendwa sana katika Afrika kwa kuwa fundi wa kijijini aliweza kulifungua na kulifunga kwa spana chache. Jina la Defender likawa vinywani mwa watu karibu sawa na gari la polisi. Lakini gari hilo la zamani lilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016, na Defender lililofuata ni gari jingine, lenye vyombo vingi vya umeme vinavyohitaji mashine ya kuvipimia. Fundisho ni hili: jina si gari. Karani asiandike jina kwa mazoea ya babu yake. Na aeleze kazi, kisha aulize kama vipuri vyapatikana Tanga, na kama fundi wa hapa aweza kulitengeneza.

Juu ya gharama tuna neno fupi. Bei ya siku ya kununua ni mwanzo tu wa hesabu. Nyuma yake yaja mafuta, matairi, vipuri, na siku ambazo gari hulala gereji. Serikali yetu ina Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini na Wakala wa Ufundi na Umeme, mmoja wa kununua na mmoja wa kutengeneza. Yafaa hesabu zao zisomwe pamoja. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, ili mzigo wa matengenezo uwe juu ya mwenye gari. Hatusemi ni dawa ya kila ugonjwa, lakini wameikubali kweli moja, ya kuwa gari ni gharama ya miaka mingi. Na sisi wenyewe twakumbuka mwezi wa Julai 2018, Rais John Magufuli alipolalamika hadharani juu ya mkataba wa magari 777 ya polisi. Gari lililo katika mkataba halijapanda kilima chochote.

Wako wenzetu wasemao: heri kununua gari la namna moja kwa nchi nzima, ili vipuri viwe vya namna moja na mafundi wazoee. Hoja hii ina nguvu, wala hatuidharau. Stoo yenye vipuri vya magari ya namna kumi ni stoo isiyo na kipuri hata kimoja kitakiwacho leo. Lakini kati ya namna moja na namna kumi kuna namna tatu. Gari dogo la chini litoshe kwa lami ya jiji na barabara kuu ya Segera hata Tanga. Gari la magurudumu manne, la dizeli, lenye gia za pole, liwe la milimani. Na pikipiki iwe ya vichochoro na vijia visivyopitika kwa gari. Tatu zatosha, na hakuna itakayolazimishwa kufanya kazi ya nyingine.

Bwana Mwenyekiti, huenda mtu akauliza kwa nini twajitia joto kwa habari ya magurudumu. Twamjibu kwamba mwisho wa hesabu hii si gari. Ni mwanamke apigwaye usiku katika nyumba iliyo nyuma ya kilima. Ni mkulima aliyekuta iliki yake imechumwa na mwivi. Ni mtu aliyeshikwa na kundi lenye hasira, ambaye uhai wake wategemea nani atafika mbele, sheria au mawe. Gari lisipopanda, mlalamikaji huambiwa angoje mpaka kesho, au atafute mafuta mwenyewe. Akiisha kuambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatakwenda steshini. Atakwenda kwa jirani mwenye panga. Hapo ndipo sheria hufa, wala haifi kwa kukosa askari hodari. Hufa kwa karatasi iliyoandikwa ofisini na mtu asiyeujua mlima.

Wala tusimsahau askari mwenyewe. Yeye naye ni mtumishi wa Serikali kama sisi, ana mke na watoto wamngojao. Kumpandisha nyuma ya gari la wazi, juu ya benchi lisilo na mkanda, kisha kumteremsha kona za Soni kwa mbio, si kumtendea haki. Mshitakiwa aliyefungwa pingu hana hata mkono wa kujishikilia. Naye hajahukumiwa bado.

Basi twaomba mambo matatu yafanywe na kila mmoja wetu ambaye kalamu yake yafika katika shauri hili. Kwanza, kabla ya kuandika sifa za gari, na tumwulize dereva na fundi wa wilaya, tuandike majibu yao. Pili, daftari la safari la kila gari lijazwe kwa kweli: kilomita, mafuta, siku za gereji na sababu zake, maana daftari la uongo la mwaka huu ndilo huzaa ununuzi mbaya wa mwaka ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, gari litakalotumwa milimani lijaribiwe milimani kabla ya kukubaliwa. Lipandishwe kutoka Muheza hata hapa Kwamkoro mwezi wa Aprili, likiwa na watu na mizigo kamili, liingie njia za vijijini, kisha literemke, na breki zake zipimwe lifikapo chini. Wajapani walikuwa na Fuji yao. Sisi tunayo Usambara, wala haitozi ada ya mtihani.

Tumemaliza. Wenye maswali na wayaulize, na wenye kuijua njia kuliko sisi na watusahihishe.