Degedege Halisubiri Sahihi Tatu

(Maneno ya Mratibu wa Mradi wa Afya ya Jamii wa Dayosisi katika semina ya kamati za diakonia za sharika)



Tuliombwa tuzungumzie afya ya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Somo hilo ni pana, na muda ni mfupi. Kwa hiyo tumechagua jambo moja tu, ambalo kila mama aliyekaa hapa analijua na kila bibi ana neno la kusema juu yake. Jambo hilo ni degedege.

Tuanzie nyumbani kwetu wenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi 11. Jioni alikuwa na joto kidogo, lakini ananyonya na kucheza, nasi tukasema ni meno. Saa saba usiku mwili ukawa wa moto kabisa. Kabla hatujawasha taa akakakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kurukaruka, povu likamtoka mdomoni.

Ndugu zangu, sisi ni watu tuliosoma, na kazi yetu ni kufundisha wengine. Lakini usiku ule elimu yote ilitutoka. Mmoja wetu alikimbilia kijiko akitaka kukipenyeza mdomoni. Mwingine alimmwagia mtoto maji ya mtungi. Bibi yake, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akasema kwa upole: "Wanangu, msikimbilie hospitali. Hili ni degedege. Akichomwa sindano, amekwenda."

Dakika kama tatu zilipita, na kwetu zilikuwa kama usiku mzima. Mtoto akalegea, akalala usingizi mzito. Jirani alitupakia kwenye pikipiki yake mpaka kituo cha afya. Kipimo kilionyesha malaria. Alichomwa sindano, na kulipokucha alikuwa ananyonya. Leo yuko sekondari na anatushinda kwa urefu.

Tunawasimulia haya ili asiwepo mtu wa kumcheka mama aliyeshika kijiko. Sisi nasi tulikishika.

Bibi yule hakuwa mjinga. Alisema alichokiona maishani mwake. Tukitaka kuwasaidia wazazi, lazima tuelewe imani hii imetoka wapi. Wengine husema degedege huletwa na ndege anayepita usiku, wengine husema ni shetani. Basi mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, hupakwa dawa za mitishamba, mahali pengine hata hukojolewa.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Degedege nyingi zinazoletwa na homa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 huisha zenyewe kabla ya dakika 5. Mtoto akifukizwa katika dakika hizo, degedege litakoma, na watu watasema moshi umemponya. Lakini kama ndani ya mwili kuna malaria kali, ugonjwa unaendelea. Degedege linarudi, mtoto anapoteza fahamu, na siku ya pili au ya tatu ndipo anapopelekwa hospitali. Anachomwa sindano akiwa amekwisha kuzidiwa. Akifariki, watu watasema sindano imemwua. Hivyo moshi unapata sifa isiyo yake, na sindano inabeba lawama isiyo yake.

Ukweli juu ya sindano ni huu. Kwa miaka mingi dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe hapa Tanzania. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9. Waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Lakini tazameni tena hesabu hiyo. Hata kwa dawa iliyo bora, watoto wapatao 8 kati ya 100 hawakupona. Malaria ikishakuwa kali ni hatari hata mikononi mwa daktari. Ndiyo maana kila saa tunayoiokoa njiani ina thamani.

Je, mzazi afanye nini usiku ule? Tunaomba mkayafundishe haya, tena kwa vitendo, mkitumia mwanasesere na mkeka.

Kwanza, mlaze mtoto kwa ubavu, mahali tambarare, mbali na moto na vitu vigumu, ili mate na matapishi yatoke nje. Pili, legeza nguo shingoni na uondoe mablanketi. Tatu, usitie kitu chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole, maji au dawa. Nne, usimkandamize kuzuia mikono na miguu. Tano, tazama saa. Likipita dakika 5, au likikoma na kurudi, ondokeni hapo hapo.

Likikoma mapema, bado mpelekeni. Huku kwetu kwenye malaria, mzazi hawezi kujua kwa macho kama hii ni homa ya kawaida, malaria, au homa ya uti wa mgongo. Ni kipimo kitakachosema. Akiamka vizuri na anaweza kunyonya, mama amnyonyeshe njiani, kwa maana sukari hushuka mwilini mwa mtoto mgonjwa. Chukueni kadi ya kliniki, na mseme bila kuficha dawa zote alizokwisha kupewa, za duka na za kienyeji.

Wazazi pia wanastahili kusikia neno la faraja. Degedege fupi la homa haliharibu ubongo, wala halimaanishi kwamba mtoto ana kifafa. Takriban mtoto 1 kati ya 3 hulipata tena akiwa na homa nyingine, kisha wengi huacha wanapokua. Panadoli humpunguzia mtoto maumivu na joto, lakini hakuna uhakika kwamba itazuia degedege. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake amepatwa asijilaumu kwamba alichelewa kumpa panadoli.

Kuhusu sala, tumekuta nyumba ambazo mtoto huombewa kwanza mpaka asubuhi, ndipo safari ifikiriwe. Sisi ni Kanisa, hatuwezi kusema msiombe. Tunasema mwombe mkiwa njiani. Mchungaji au mwinjilisti akiitwa usiku kwa ajili ya mtoto wa namna hii, afike na aulize kwanza habari ya usafiri.

Sasa tunafika kwenye neno zito tulilokuja nalo. Katika mtaa mmoja wa Dayosisi yetu, mama mmoja kijana alikuwa peke yake na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mume alikuwa amesafiri kutafuta kibarua. Degedege lilimshika mtoto usiku. Mama huyu hakumtafuta mganga. Alikuwa amehudhuria semina yetu. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akangoja likome, akamfunga mgongoni, akaenda kwa mzee wa kanisa kuomba nauli ya bodaboda kutoka mfuko wa diakonia. Alifanya yote tuliyomfundisha.

Pesa zilikuwemo sandukuni. Lakini utaratibu ulitaka sahihi tatu: ya mwenyekiti, ya katibu na ya mhazini. Mhazini alikuwa amelala kijiji cha pili. Mzee yule aliogopa kufungua sanduku, kwa kuwa mwaka uliotangulia alihojiwa mbele ya usharika kwa ajili ya risiti moja iliyopotea. Walingoja kupambazuke. Zahanati walifika jua likiwa limepanda. Mtoto alichomwa sindano, na baada ya muda mfupi akafariki. Kwenye msiba watu walisema, "Si tuliwaambia? Sindano."

Utaratibu ule wa sahihi tatu tuliuandika sisi, katika ofisi ya mradi. Tuliuandika kwa nia njema, kulinda sadaka za watu. Tulikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, kisha akauliza: "Na mwenzangu atakayepatwa leo usiku, atamwendea nani?" Hatukuwa na jibu siku ile.

Jibu tunalolileta leo ni hili. Kila mtaa utenge kiasi kidogo cha nauli ya dharura, kinachotosha safari moja ya kwenda na kurudi, kikae kwa mtu mmoja mwaminifu anayeishi katikati ya mtaa, ikiwezekana mama. Atoe usiku bila kuuliza sahihi. Sahihi zifuate baadaye, na kiasi kirudishiwe ndani ya wiki hiyo. Pawepo madereva wawili wa bodaboda waliokubali kuamshwa, na namba zao ziandikwe kwenye mlango wa kanisa na nyumbani kwa balozi. Akina bibi na akina baba waalikwe kwenye mafunzo pamoja na akina mama, kwa sababu usiku ule mama mara nyingi si yeye anayeamua. Na mtoto akirudi salama, mtembeleeni, ili mtaa mzima umwone mtoto aliyechomwa sindano akiwa anacheza.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Tunajua nanyi mnatoa hesabu kwa waliowatuma. Dereva wa bodaboda saa nane usiku haandiki risiti. Mkubali daftari lenye jina la mtaa, tarehe, safari na dole gumba la mzazi. Tutalikagua kila robo mwaka na kuwaletea nakala. Kama kuna siku pesa itapotea, tutasema imepotea. Tunaona ni afadhali tuulizwe juu ya nauli kuliko kukaa tena kwenye mkeka ule wa msiba.

Wapendwa, mama yule sasa ndiye mtunza nauli wa mtaa wake. Tulipomwomba, alikubali kabla hatujamaliza kueleza. Pesa huziweka kwenye kopo, juu ya kabati, karibu na taa.