Nani Atamfunga Mama Kanga? Ushahidi wa Uangalizi katika Maombi ya Kuwaleta Wazazi Uingereza

Utangulizi

Waandaaji wa semina waliomba mada kuhusu taratibu za kuwaleta wazazi, bibi na babu Uingereza. Taratibu zenyewe familia nyingi za Kizanzibari zilizoko huko zinazijua, hivyo zitapitwa haraka. Sehemu kubwa ya mada ni kikwazo kimoja ambacho mwandishi amepambana nacho kwa miaka.

Fasili

Mdhamini ni raia wa Uingereza au, kwa kawaida, mwenye ukaazi wa kudumu. Mwombaji ni mzee wake, naye huomba akiwa nje ya nchi. Aliyeingia kwa viza ya matembezi ya miezi 6 hawezi kuibadilisha akiwa ndani. Ada inazidi pauni 3,000 na hairudishwi ombi likikataliwa. Mdhamini huahidi kumtunza mzee kwa miaka 5 bila kutegemea fedha za umma.

Kikwazo

Hadi mwaka 2012, mzazi wa miaka 65 au zaidi aliyetegemea fedha za mwanawe, na asiye na jamaa mwingine wa karibu nchini kwake wa kumsaidia kifedha, aliweza kuombewa. Tarehe 9 Julai 2012 kanuni zikageuka. Sasa lazima ithibitishwe kwamba uzee, maradhi au ulemavu vimemfanya ahitaji mtu wa kumsaidia kwa muda mrefu katika shughuli za kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika. Kisha ithibitishwe kwamba msaada huo haupatikani aliko, hata mdhamini akitoa pesa, ama kwa kuwa hakuna wa kuutoa, ama kwa kuwa gharama yake haibebeki.

Hapo ndipo familia zinapokwama. Mdhamini aonyeshe ana uwezo wa kumtunza mama London, na papo hapo aeleze kwa nini uwezo huohuo haumpatii mama mtu wa kumtazama Unguja. Risiti za pesa za kila mwezi, alizoziambatanisha kwa fahari, zinamrudia kama swali: kwa nini asiajiriwe mfanyakazi wa ndani?

Mama mmoja wa Unguja, mjane, aliombewa na binti yake. Barua ya daktari ilikuwa sentensi moja na muhuri: ana baridi yabisi na kisukari, anaendelea na dawa. Kwenye simu ya video binti alikuwa akiona mengine. Vidole vimepinda, kanga hufungwa na jirani asubuhi kabla hajaenda sokoni, na ikilegea mchana mama hukaa ameishika kwa kiwiko mpaka jirani arudi. Kopo la maji halinyanyui. Tangu alipoanguka, usiku haendi msalani peke yake. Wasaidizi watatu walishaondoka, wa mwisho akaolewa.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa. Ombi lilijaa mapenzi na upweke, likakataliwa. Mwandishi hafichi uchungu wake: ombi la namna hii amelisoma mara nyingi mno.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya BritCits, iliziacha kanuni zisimame, lakini ikaeleza kwamba mahitaji ya kihisia na kisaikolojia nayo yanahesabika yakithibitishwa na wataalamu wa tiba. Upweke basi una nafasi yake, ila lazima upitie kwa daktari.

Kuhusu msaada unaopatikana nyumbani, Zanzibar ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na Aprili 2016 ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Ombi lisiloeleza kwa nini hayo hayamtoshelezi mama huyu limeacha pengo.

Mapendekezo

Mada hii haichukui nafasi ya mwanasheria. Pamoja na tahadhari hiyo, inapendekezwa:

1. Familia ifungue daftari: nani kamwogesha mama, nani kamvisha, nani kalala naye.

2. Daktari aombwe aeleze kile ambacho mikono na miguu ya mgonjwa haiwezi kufanya, si jina la ugonjwa pekee.

3. Kila msaidizi aliyeajiriwa aandikwe: alianza lini, alilipwa nini, aliondoka kwa nini.

4. Ndugu na majirani waeleze kwa maandishi wanachoweza na wasichoweza kufanya.

5. Huzuni na upweke vichunguzwe na mtaalamu na kuandikiwa ripoti.

6. Atafutwe mshauri aliyesajiliwa. Kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila kusajiliwa ni kosa la jinai.

7. Mama asiletwe kwa viza ya matembezi kwa nia ya kumbakisha.

8. Jumuiya zetu ziwalipie madaktari muda wa kuandika ripoti kamili, kwani kutotimizwa kwa pendekezo la pili ndiko kunakoangusha maombi mengi yanayomfikia mwandishi.

9. Daftari la pendekezo la kwanza lianze leo, kabla ada haijalipwa, na kila simu ya video iandikwe tarehe, saa, na kama kanga ya mama ilikuwa imefungwa.